Nasaba Juu ya Tambura

Kaka yangu aliniambia nifute kanda, na mimi nikasema, "Haya."

Sikusema nitafikiri. Sikusema hizi si zako. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nimekaa kwenye majlisi yangu mwenyewe mjini Ibra, juu ya zulia nililolinunua mwenyewe, ninakunywa kahawa ya nyumbani kwangu, na nilijibu kama mtoto aliyetumwa dukani. Haya. Kiswahili chetu kinatumia neno hilo hilo kwa kukubali na kwa aibu, na siku ile nilikubali mahali nilipotakiwa kuona haya. Nina hasira na kaka yangu hadi leo, ingawa yuko kaburini na ninamwombea. Lakini kidole kilichobonyeza kitufe hakikuwa chake.

Kanda zilikuwa tano, na ndani ya nne mlikuwa na blues. Kwa asiyeijua, ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa. Mtu mmoja na gitaa lake anasema jambo, kisha analisema tena kama vile hakusikika mara ya kwanza, kisha gitaa linamjibu kwa kuwa hakuna mwingine wa kumjibu. Niliupata Tabora, nilikozaliwa, katika shule ya sekondari. Mwalimu wetu mmoja alikuwa Mmarekani, na alipoondoka aliniachia santuri zake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizifuta vumbi. Baadhi ya wapigaji wale walikuwa vipofu. Mmoja alikuwa akiteleza juu ya nyuzi kwa shingo ya chupa iliyovunjwa, na gitaa likatoa sauti ya mtu anayesaga meno. Kulikuwa na mwanamke mwenye sauti nzito aliyeimba juu ya mume aliyemkimbia, na ungedhani anamshukuru kwa kukimbia. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, sijakimbiwa na mtu, na bado nilielewa.

Tuliporudi Oman nilizileta zile santuri zimefungwa ndani ya mashuka ya mama. Ninasema tuliporudi kwa kuwa ndivyo tunavyosema sote, ingawa mimi sikuwahi kutoka Oman hata nirudi. Wenyeji walituita Zinjibari. Zanzibar nilikuwa sijaiona, lakini ukizungumza Kiswahili wewe ni Zinjibari, utokee Tabora, Kigali au Bujumbura. Kaka yangu alilichukia jina hilo kuliko kitu chochote. Alijifunza Kiarabu cha Ibra akakisema kuliko watu wa Ibra. Watoto wake aliwakataza Kiswahili mezani. Mimi nilipata kazi ya stoo ya vipuri vya pampu za maji, nikanunua redio-kaseti, nikahamisha santuri zangu kwenye kanda ili nisikilize nikiwa njiani. Kazi ilinipeleka Sur karibu kila wiki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nimesimama Sur kwenye kituo cha mafuta, madirisha wazi kwa kuwa kiyoyozi cha pikapu kilikuwa kimekufa, na yule mpigaji wa shingo ya chupa analia kwenye redio. Akaja mtu mrefu, mweusi, rika langu, kofia imeinamia sikio moja. Akaweka viwiko vyake dirishani bila kuombwa.

"Salaam alaykum. Nani huyu analia kwa gari yako?"

"Mmarekani. Amekufa zamani."

"Mmarekani wapi! Huyu mtu ya Sur."

"Huyu hajui hata Sur iko wapi."

"Basi bibi yake anajua. Zima injini, mimi sisikii."

Nikazima. Akasikiliza mpaka mwisho, na gari tatu nyuma yetu zinapiga honi. Akaniuliza kama mimi ni Zinjibari, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa mabaharia na changu cha nyumbani. Nikamwambia natoka Tabora.

"Tabora iko Zanzibar upande gani?"

"Haiko Zanzibar."

"Basi wewe Zinjibari ya uongo. Twende nyumbani, ule."

Alikuwa bawabu wa shule, na nyumba yake ilikuwa Aija, ng'ambo ya khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, nyuma ya nyumba kubwa za wafanyabiashara wa zamani ambazo milango yake hupigwa picha na watalii. Yake haikuwa na mlango wa kupigwa picha. Ukutani ilitundikwa tambura: kinanda cha nyuzi sita, kimewambwa ngozi kama ngoma, na mikono miwili ya mti inayopanda juu kama pembe. Mkono wa kulia unakwaruza nyuzi zote pamoja kwa kipande cha pembe, na vidole vya kushoto vinazinyamazisha zile ambazo hutaki zilie. Baba yake aliipiga, na babu yake pia. Babu huyo aliletwa Sur akiwa mdogo kutoka pwani ya Afrika. Rafiki yangu aliyasema hayo kama unavyosema baba yako alikuwa fundi viatu. "Alinunuliwa," alisema. "Bei sijui. Natumai si rahisi."

Nilipeleka kanda zangu Aija kila safari. Tukila, anashusha tambura, ninamwekea Mmarekani, na anamfuata. Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Kisha nikasikia vizuri. Yule mtu wa Marekani, aliyekufa bila kumwona Mwarabu hata mmoja, alikuwa akisimama mahali pale pale anaposimama huyu wa Sur, wakivuta pumzi pamoja. Niliposema ni ajabu, alinicheka. "Ajabu nini? Meli moja ilikwenda kule, moja ilikuja huku. Watu waliomo walikuwa wanalia wimbo moja."

Nilianza kumrekodi. Kanda nne zilikuwa za yeye na Wamarekani pamoja. Ya tano ilikuwa yake peke yake, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Ilikuwa alasiri. Mkewe alikuwa akichambua samaki uani, na unaweza, yaani uliweza, kumsikia kwenye kanda akimfukuza paka. Rafiki yangu aliimba wimbo wa bibi yake mzaa baba. Maneno mengi yalikuwa Kiarabu, mengine yalikuwa yamesagika hata hayakuwa lugha yoyote, lakini neno moja lilirudi na kurudi, nalo nililielewa kama ninavyoelewa jina langu. Nichukue. Alipomaliza nikamuuliza anajua maana yake.

"Ndiyo. Nichukue jina ya bibi. Bibi ya bibi yangu. Mtu mkubwa. Mama alikuwa akipika mchele siku ya wimbo huu, anaweka sahani moja pembeni, ya Nichukue."

"Ndugu yangu, si jina."

"Wewe unajua bibi yangu?"

"Najua Kiswahili kuliko wewe. Nichukue ni mtu anaomba. Anamwambia mwenziwe, usiniache hapa. Nichukue."

Mkewe aliacha kumfukuza paka. Rafiki yangu aliiangalia ile tambura kama mtu aliyeambiwa kwamba ndani mna mtu. Kisha akasema taratibu, "Tumempikia wali miaka yote, na yeye anataka kwenda." Akacheka, na hakikuwa kicheko. Akaniambia, "Washa tena hiyo mashine." Akaimba upya, akijua anasema nini. Sijawahi kusikia kitu kama kile, si kwenye santuri, si popote. Betri zilikwisha tulipofika mwisho wa upande wa kwanza, upande wa pili ukabaki mtupu.

Nilivunja vile vijimeno viwili vya plastiki juu ya kanda, ambavyo vikiondoka hakuna awezaye kurekodi juu yake. Nilimpa kanda, akaikataa. "Weka wewe. Hapa watoto wataiharibu."

Sasa nirudi kwenye majlisi yangu. Binti yangu mkubwa aliposwa na kijana wa Nizwa, wa ukoo unaojulikana, aliyesomeshwa Marekani. Kaka yangu alikuja kwangu kabla ya wageni, amevaa bisht, joho la heshima, kama anakwenda kumwona sultani, akaikuta sauti ya tambura imejaa sebule. Akaizima yeye mwenyewe.

"Hawa watu watauliza asili," alisema. "Unataka waje wakute ngoma za makhadimu nyumbani kwako?"

Khadimu ni mtumishi, lakini huku maana yake ni mtu ambaye babu yake alinunuliwa. Hata akiwa huru, hata akiwa waziri, wapo wasiomwoza binti yao.

"Ni rafiki yangu," nilisema.

"Rafiki wa nini? Watasema Zinjibari na makhadimu, chungu kimoja. Msichana atavunjiwa posa kwa ajili ya starehe zako. Zifute. Na huyo asionekane hapa siku ya kufunga akdi."

"Haya."

Nilijua nini wakati ninasema hivyo? Nilijua kwamba mama wa baba yetu, aliyenilea kule Tabora mgongoni mwake, alikuwa mwanamke wa Kimanyema aliyenunuliwa na babu yetu. Kaka alijua vizuri kuliko mimi, yeye ni mkubwa, amekaa naye zaidi. Tulikuwa wajukuu wa suria sisi wawili, tumekaa juu ya zulia, tunaogopa kinanda. Nilipaswa kumwambia, kaka, bibi yetu naye alinunuliwa kwa bei gani? Badala yake nilikwenda kutafuta plasta.

Ndiyo, plasta. Kwa kuwa vijimeno nilikuwa nimevivunja, ilibidi kuziba matundu ndipo mashine ikubali. Ni kazi ya dakika, lakini mtu haifanyi kwa bahati mbaya. Kanda nne nikawapa watoto wa kaka, wakarekodi mpira kutoka redioni. Ya tano, kaka aliitaka kwa shughuli maalumu. Alikuwa ameikusanya nasaba yetu kwa wazee, fulani bin fulani bin fulani, mpaka kijiji cha Oman tulichotoka, na alitaka isomwe na ihifadhiwe kwa sauti, wageni wakipenda wasikilizishwe. Nilibonyeza kitufe, akasogeza mdomo, akaanza. Mimi nilitoka kwenda kupokea mbuzi wa karamu. Niliporudi, kaka amekwisha ondoka, na mashine imejizima.

Wageni wa Nizwa walikuja, wakala, wakashukuru. Hawakuuliza asili, wala nasaba haikuchezwa. Baba wa kijana alizungumza habari ya falaji, mifereji ya maji ya mashamba, kukauka, na bei ya tende, akaomba Fatiha isomwe. Ndoa ikafungwa. Rafiki yangu hakualikwa. Nilipokwenda Sur wiki zilizofuata nilipita njia ya stoo moja kwa moja, sikuvuka kwenda Aija. Nilijiambia nina kazi. Wiki zikawa miezi, na miezi ikaanza kunirahisishia.

Siku moja mkwe wangu alinichukua kwenda Nizwa kuwaona wazazi wake, binti yangu amekaa kiti cha nyuma. Tulipokaribia Birkat al Mauz, migomba inaonekana chini ya mlima, akatia diski kwenye redio ya gari. Nikamsikia yule mtu wangu wa shingo ya chupa. Nilidhani nimepata homa.

"Ammi, unamjua huyu?" mkwe akaniuliza kwa Kiarabu, amefurahi kama mtu anayekuonyesha mtoto wake. "Nilimgundua chuoni. Huyu ndiye baba wa muziki wote wa leo. Kila gitaa unalolisikia duniani limetoka kwake na wenziwe. Wamarekani wanamsomea digrii!"

"Baba anamjua," binti yangu akasema nyuma, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu ili mumewe asikie. "Baba alikuwa na kanda zake, na ammi mmoja wa Sur anampigia tambura pamoja. Tulikuwa tukilala nazo. Baba, si unazo? Nimemwahidi utamsikilizisha."

Mkwe alipunguza mwendo. "Tambura na blues? Ammi, wallahi? Hii ni hazina. Iko wapi?"

Nilitazama migomba. Nilisema zimepotea wakati wa kuhama. Hatukuwa tumehama. Binti yangu alijua hatukuhama.

Hasira niliyokuwa nayo ndani ya gari lile sijui niieleze vipi. Mjukuu wa mtumwa, akiwa Marekani na amekwisha kufa, anawekwa kwenye diski, anasomewa digrii, anaingia kwenye magari ya watu wa asili na kuitwa baba. Mjukuu wa mtumwa akiwa Aija, hai, anakula wali, anaitwa khadimu, na haingii kwenye akdi. Nilitaka kumpigia kelele kijana wa watu, ambaye hakuwa na kosa. Kaka yangu alinilazimisha niwafiche watu kitu ambacho wangekiomba kwa mikono miwili. Na hata kama wasingekipenda? Hata kama wangekusanya majoho yao na kuondoka? Ninajiuliza swali hilo kila siku, na jibu langu linaniudhi, kwa sababu siku ile sikulijaribu.

Baada ya miaka kadhaa mtoto wa rafiki yangu alinipigia simu stoo. Baba yake amepooza upande mmoja. Mkono wa kushoto hauinuki, ulimi mzito. Hawezi tena kupiga wala kuimba, na kila siku anataka kitu kimoja: ile kanda ya bibi.

Sikumwambia kweli. Nilijipa matumaini. Nasaba yetu si ndefu, niliwaza, kaka alisoma labda robo ya upande. Baada yake tambura lazima imebaki, na mara ya pili ya wimbo, ile ya kujua maana, ilikuwa mwishoni. Nilizunguka na matumaini hayo mfukoni kutoka Ibra mpaka Sur. Kuisikiliza kwanza peke yangu sikuthubutu.

Alikuwa amekaa ukutani, mto chini ya mkono uliokufa, tambura imetundikwa juu yake. Mdomo umepinda, lakini macho yalikuwa yale yale ya kwenye kituo cha mafuta. Nilimwamkia. Mkewe alikaa karibu naye, maana yeye ndiye aliyeyaelewa maneno yake, akituambia.

Rafiki yangu akaitazama kanda, akaona plasta. Aligusa plasta kwa kidole cha mkono mzima. Mtoto wake akaiweka ndani ya mashine.

Sauti ya kaka yangu ikatoka, imenyooka, imejaa kifua. Fulani bin fulani bin fulani. Nilisema, "Subiri, inakuja." Bin fulani bin fulani. Babu zangu walipita mmoja mmoja ndani ya chumba kile. Rafiki yangu akasema kitu, na mkewe akanigeukia bila tabasamu.

"Anasema, wanaume tupu. Anauliza, nani aliwazaa?"

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema, mwanamke wa Kimanyema, alinunuliwa, kama babu yako. Ningelisema hapo labda kitu kingeokoka. Nilisema, "Subiri kidogo."

Kaka akafika kwa babu wa mwisho na kunyamaza. Kanda ikaendelea kuzunguka. Tulisikia mlango unafungwa, ni kaka anatoka. Tukasikia mbuzi mbali. Kisha hakuna kitu.

"Anauliza, wamekwisha?"

"Wamekwisha. Sasa inakuja."

Haikuja. Nilikuwa nimetoka kwenda kwa mbuzi na kuacha kitufe kimebonyezwa, na mashine ilikuwa imerekodi sebule yangu tupu juu ya sauti yake, mpaka mwisho wa upande. Nilielewa mapema, lakini hakuna aliyeinuka, kwa hiyo tuliisikiliza yote. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea mashine, sikio lake zima mbele, akimngoja bibi. Kitufe kikaruka juu chenyewe.

Akainua kichwa kutoka kwenye mashine. Safari hii mkewe hakuhitaji kuniambia, maana neno lilikuwa fupi na ulimi wake uliliweza.

"Haya," alisema. Na kwa mkono mzima akanionyesha mlango.

Nilikwenda tena Aija. Mkewe alinipokea mlangoni, akaniuliza habari za nyumbani, akaniambia amelala. Nilikwenda tena, amelala. Alipofariki sikupigiwa simu. Nilisikia sokoni Sur kwa muuza samaki, matanga yamekwisha pita. Mkwe wangu hajawahi kuniuliza tena habari ya zile kanda, na binti yangu, akija, huzungumza nami juu ya afya yangu na watoto. Watoto wa rafiki yangu hawaujui wimbo. Mmoja ana gitaa la umeme, na anapiga blues ya Wamarekani kutoka kwenye diski, vizuri sana.

Santuri zangu ninazo bado. Wale Wamarekani wote wamo, hakuna aliyepotea, na ukitaka kuwasikia huhitaji hata kuja kwangu. Kilichopotea ni kile kimoja ambacho dunia nzima kilikuwa kwangu tu. Ile haya yangu ilinigharimu rafiki wa pekee niliyempata katika nchi hii, aliyekufa hataki kuniona, na ilimgharimu yeye sauti yake na wimbo wa bibi yake, na hakuna namna ya kuvirudisha.